Lini Uache Kupungua

Muulize mtu anayepunguza mwili alianza lini, atakutajia siku: Jumatatu ya kwanza ya mwezi, au baada ya Idi, au siku aliyotoka kliniki na karatasi ya presha mkononi. Muulize atamaliza lini, atakutajia kilo. "Nikifika sabini." Sabini inaweza kuja Agosti, inaweza isije kabisa, na hata ikija haimwambii ale nini kesho yake asubuhi. Kilo nyingi zilizotoka kwa taabu hurudi hapo, mtu akishajiona amemaliza na kuirejea sahani yake ya zamani kwa sababu hakuwa amejiandalia nyingine.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyekwisha kupungua kiasi na sasa anajiuliza kama aendelee au asimame. Ukiwa mjamzito, ukinyonyesha, ukiwa chini ya miaka 18, au kama uliwahi kuugua ugonjwa wa kujinyima chakula au kujitapisha, uamuzi huu ufanye na daktari au mtaalamu wa lishe, usiufanye na makala. Kwa wengine ushauri wangu nautoa mapema: simama kabla hujachoka. Simama hata kilo mbili tatu kabla ya namba uliyoiota, ukiwa bado na hamu ya kupima chakula na kutembea, kwa sababu kudumisha uzito nako ni kazi, tena ya muda mrefu zaidi, na inamtaka mtu aliyebakiza nguvu.

Njaa yako ina sababu

Novemba 1944, vita vya pili vya dunia vikiwa bado vinapiganwa, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza kuwachunguza vijana 36 wenye afya waliojitolea kula nusu shibe. Kwa wiki 24 walipewa takriban kalori 1,600 kwa siku huku wakitembea sana, na wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Waliota chakula usiku. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Walilamba sahani, walisikia baridi wakati wa joto, na hamu ya mambo mengine ikawatoka. Waliporuhusiwa kula watakavyo, wengi walikula kupita kiasi, na kwa baadhi ilichukua miezi kabla ya shibe kurudi mahali pake.

Vijana wale walikuwa wembamba tangu mwanzo. Wewe huenda ulianza na akiba ya kutosha, kwa hiyo hutafika walikofika. Ila mwili wako unafuata njia ile ile. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake mjini New York walionyesha kwamba mtu akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, mwili hubana matumizi ya nishati kupita kiasi ambacho udogo wake mpya ungeeleza. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, waliwapunguza watu 50 kwa chakula kidogo sana cha wiki kumi, wakawapima tena mwaka mmoja baadaye: homoni zinazoleta njaa zilikuwa bado juu na zile za shibe bado chini.

Chukua watu wawili wenye kilo 70, urefu sawa, umri sawa. Mmoja hajawahi kuzidi hapo, mwingine ametoka 85. Huyu wa pili mara nyingi anahitaji chakula pungufu na anasikia njaa zaidi. Si haki, lakini ndivyo ilivyo. Anayemwambia "mbona fulani anakula chapati tatu na hanenepi" hajui anachokisema.

Kila uzito una chakula chake

Ndiyo maana swali la "naweza kufika 62?" ni swali dogo. Mtu akijibana wiki nane anafika mahali pengi. Jiulize hivi: chakula kitakachonibakiza hapo 62, nitaweza kukila Jumanne ya kawaida, mwezi wa ada za shule, mgeni akiwa sebuleni, mwaka huu na mwaka kesho? Kama jibu ni hapana, 62 si uzito wako, hata kama ndio uliokuwa nao siku ya harusi yako.

Jibu huhitaji kulibahatisha, maana kumbukumbu zako za mwezi uliopita zinalo. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Tuseme kwa wiki nne zilizopita umepungua kilo 2. Hizo ni kalori 15,400. Gawanya kwa siku 28, unapata 550. Maana yake kila siku ulikuwa unakula pungufu ya mahitaji yako kwa kalori 550 hivi, na hiyo ndiyo nafasi uliyonayo ya kuongeza chakula bila kunenepa. Kama ulikuwa unakula 1,500, uzito wako wa sasa unadumishwa na 2,050 au karibu na hapo. Kama hukuwa unahesabu kalori (na nani anapima ugali kwa gramu?) haidhuru, kwa sababu ile 550 imepatikana kwenye mizani, haikutoka kwenye daftari la chakula.

Rudia hesabu hiyo kwa mtu anayepungua kilo moja kwa mwezi. Nafasi yake ni kama kalori 250 kwa siku, yaani chapati moja ya kawaida iliyopikwa kwa mafuta. Hapo wengi hushtuka. Walidhani kati ya kujinyima na kudumisha kuna uwanja mpana, kumbe kuna chapati moja. Kama unaona kwamba ukirudishiwa hiyo chapati yako moja unaweza kuishi kwa amani, simama, umefika. Kama hata ukirudishiwa bado utakuwa mtu wa kulala na njaa na kuhesabu saa za mlo, basi umeshaupita uzito unaoweza kukaa nao. Ruhusu kilo mbili zirudi, kwa mpango, na simama hapo.

Dalili nyingine za kusimama

Kliniki ina vipimo vyake na ni vyema kuvitazama kabla ya kioo. Presha imeshuka? Sukari ya asubuhi kabla ya kula imekaa sawa? Kiuno kimefika wapi? Kanuni rahisi ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu: mwenye sentimita 162 atafute kiuno kisichozidi 81. Kipimo cha uzito kwa urefu, kile ambacho wauguzi hukiita BMI, kinahesabiwa hivi: zidisha urefu wako, ukiwa katika mita, kwa urefu huo huo, kisha uzito ugawe kwa jibu hilo. Mwenye mita 1.62 anafika 25, mpaka wa juu wa uzito unaoitwa wa kawaida, akiwa na kilo 65 na nusu hivi, na anafika 18.5, mpaka wa chini, akiwa na kilo 48 na nusu. Ukiukaribia mpaka wa chini, mjadala umekwisha. Simama leo.

Lakini si lazima uushuke ule wa juu ndipo uhesabiwe umefaulu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 uliwawekea watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Kwa mwenye kilo 90 hiyo ni kilo 6 na kidogo tu. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na wasiopewa mpango huo. Kwa hiyo mtu wa kilo 90 aliyefika 83 na akaishia hapo miaka mitano ameifanyia figo na moyo wake kazi kubwa kuliko aliyeshuka hadi 70 na kurudi 92.

Naweka kando kundi moja. Ukishaugua kisukari cha aina ya pili, na hasa kama hakijakaa miaka mingi, kupungua zaidi kunaweza kulipa. Katika utafiti uliofanyika Scotland na kaskazini mwa England, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2017, karibu nusu ya waliowekwa kwenye mpango wa kupungua walikaa bila dawa na sukari ikiwa imeshuka chini ya kiwango cha ugonjwa baada ya mwaka, na miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi walikuwa 86 kati ya 100. Wewe wa kundi hili usiisikilize sana kauli yangu ya kusimama mapema. Panga na daktari wako mwisho wa safari ni wapi.

Kisha kuna dalili ambazo hakuna mashine ya kuzipima. Hedhi imeruka au imekata. Unasikia baridi ofisini wenzako wakiomba kiyoyozi kiongezwe. Nywele zinatoka kwa wingi kwenye kitana. Ndoo ya maji uliyokuwa ukiibeba kwa mkono mmoja sasa unaitua njiani. Umekuwa mkali kwa watoto kuanzia saa kumi jioni. Unatazama video za mapishi hadi usiku wa manane, na mazungumzo yako yote yanaishia kwenye chakula. Jambo moja pekee linaweza kuwa na sababu nyingine, na hedhi iliyokata ichunguzwe hata kama mengine hayapo. Yakikusanyika matatu, mwili unakuomba usimame.

Mizani nayo inaweza kuamua kabla yako. Katika tafiti nyingi uzito hufika chini kabisa karibu na mwezi wa sita, kisha hukwama. Ukikwama wiki nne au zaidi, kwanza kagua jikoni: mafuta yanamiminwa kutoka kwenye dumu bila kijiko, chai ina sukari ya vijiko vingapi, nani anamalizia wali uliobaki kwenye sahani za watoto. Kama hapo hakuna kitu, basi umeshaanza kudumisha bila kujua, ila bado unajiita mtu wa dayati na kujilaumu kila asubuhi. Pokea uzito huo.

Muda peke yake pia unatosha kuwa sababu. Ukijibana miezi mitatu au minne mfululizo, pumzika hata kama hujafika, ukijua unaweza kuendelea baadaye. Utafiti wa Australia uitwao MATADOR, wa wanaume 51 wenye unene uliokithiri, ulilinganisha waliojinyima wiki 16 mfululizo na waliojinyima wiki mbili na kudumisha wiki mbili kwa zamu hadi zikatimia 16 za kujinyima. Wa zamu walipungua zaidi. Tafiti nyingine hazikuiona faida hiyo kila mara, kwa hiyo usitarajie muujiza. Lakini kupumzika hakumrudishi mtu nyuma kama wengi wanavyohofia, na kunamfundisha kudumisha akiwa bado safarini.

Tazama na kalenda. Usichague wiki ya Idi kuwa wiki ya kwanza ya kuongeza chakula, wala safari ya Desemba ya Moshi au Bukoba, maana huko hutajua kilichoongezeka ni chapati ya mpango au mbuzi wa familia. Simama wiki mbili tatu kabla. Ukienda ukiwa tayari umetulia kwenye uzito wako, lengo la likizo linakuwa jepesi: kurudi nao.

Maneno ya ndugu

Kwetu, watu watakuambia usimame kabla mizani haijasema. "Umekwisha!" "Unaumwa?" "Mumeo hakulishi?" Maneno hayo yana historia. Mwaka 1985 madaktari waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya wa Uganda, kule Rakai, ambao wananchi walikuwa wakiuita Slim kwa jinsi ulivyomkondesha mtu, nao ndio UKIMWI. Kizazi kilichozika ndugu zake miaka ile hakioni sura iliyosinyaa kikafurahi. Shangazi anapokushika mkono na kuugeuza geuza si lazima awe na wivu, ameogopa.

Mpe jibu fupi la kweli: "Shikamoo shangazi. Presha ilikuwa juu, daktari kanishauri nipungue, na sasa naendelea vizuri." Sentensi hiyo, ikisemwa kwa adabu na bila kujitetea, hufanya kazi kuliko mhadhara kuhusu wanga. Akikuwekea sahani, kula kidogo mbele yake. Usikatae chakula cha mtu mzima kwa sababu ya hesabu ya siku moja.

Lakini shangazi huyo huyo anaweza kuwa sahihi. Uzito ukiendelea kushuka baada ya wewe kuongeza chakula, au ukiwa unashuka bila jitihada yako, au ukiambatana na kikohozi cha wiki mbili, homa, jasho la usiku, kiu na kukojoa mara kwa mara, hiyo si dayati tena. Nenda upimwe kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na sukari.

Upande wa pili wapo wanaokusifu hadi wakupoteze. "Umependeza, endelea hivyo hivyo!" Sare ya kamati ya harusi na picha za sendoff zimewafanya wengi kujibana hadi mwisho kwa ajili ya Jumamosi moja. Nguo ishonwe kwa mwili utakaokuwa nao miezi sita ijayo. Fundi atakushukuru.

Kurudisha chakula

Umeamua. Sasa usifungue sufuria zote. Chukua ile nafasi uliyoihesabu na uirudishe kwa vipande vya kalori 150 hivi kwa siku, kila kipande ukikipa wiki moja hadi mbili kabla ya kuongeza kingine. Mwenye nafasi ya 550 atamaliza kwa mwezi mmoja hadi miwili. Mwenye 250 atamaliza haraka.

Kipande cha 150 ni mayai mawili ya kuchemsha. Au ndizi mbivu moja na karanga chache. Au kikombe kisichojaa cha maharage yaliyoiva. Au gramu 40 za unga wa sembe zaidi katika ugali wako, kwa kuwa gramu 100 za unga huo zina takriban kalori 360. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta peke yake ni kalori 120, na hapo ndipo nafasi yote hupotea jikoni kwetu: mchicha, dagaa na kisamvu cha nazi vinaweza kuwa chakula chepesi au kizito kutegemea mkono uliotia mafuta na tui. Endelea kupima mafuta kwa kijiko. Katika tabia zote za wakati wa kujinyima, hiyo ndiyo ningeibakiza kama ningeruhusiwa moja tu.

Wataalamu wengi watakuambia uanze na protini na mboga kwa kuwa zinashibisha, na wako sahihi. Mimi naongeza jambo moja ambalo hawalipendi: kipande cha pili kiwe kile ulichokikosa zaidi. Kama miezi yote umeota vitumbua, weka vitumbua viwili vya Jumapili asubuhi, na chai, mezani, ukiwa umekaa. Kitu kilichowekewa siku yake hakiibwi jikoni usiku. Soda iache mwisho au usiirudishe kabisa. Chupa ya mililita 300 ni karibu kipande kizima, na saa moja baadaye utadhani hukuingiza kitu.

Wiki ya kwanza mizani itakutisha. Wanga unaourudisha mwili huuhifadhi kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukijumlisha hapo chumvi kidogo, na kwa wanawake siku za kukaribia hedhi, kilo moja hadi mbili zinaweza kuonekana bila mafuta yoyote kuongezeka. Watu wengi huvunjikia hapo: wanaona kilo mbili, wanajinyima tena kwa hasira, wanachoka, kisha wanaachia kila kitu. Zitarajie. Usiandike uzito wako mpya hadi wiki tatu zipite na namba itulie. Ule uliotulia ndio uzito wako wa nyumbani, hata kama ni 71 na siyo 69 uliyoiona asubuhi moja.

Mpaka wa juu

Uzito wa nyumbani unahitaji mpaka, na mpaka mzuri umeshajaribiwa. Mwaka 2006 Rena Wing na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti wa watu 314 waliokuwa wamepungua sana. Waliofundishwa kujipima kila siku walipewa rangi za taa za barabarani: kijani ukiwa ndani ya kilo moja na nusu hivi ya uzito wako, njano ukianza kuzidi hapo, nyekundu ukizidi kwa kilo 2.3. Nyekundu maana yake ni kurudi mara moja kwenye utaratibu wa kupungua. Baada ya miezi 18, kati ya waliofundishwa hayo kwenye vikao vya ana kwa ana, waliorudisha kilo 2.3 au zaidi walikuwa asilimia 46. Kati ya waliopelekewa majarida tu walikuwa asilimia 72.

Jipime asubuhi, umeshatoka msalani, hujanywa chai, nguo zile zile. Mizani iwe moja. Ile ya kijana wa kando ya barabara leo, ya duka la dawa wiki ijayo na ya kliniki mwezi ujao zitakupa hadithi tatu. Kama huna mizani, utepe wa fundi uliopitishwa kitovuni kila Ijumaa unatosha, au suruali moja isiyo na mpira. Dera na kanzu haziaminiki kwa kazi hii. Zimemficha mtu kilo kumi bila yeye kujua. Na kama kujipima kila siku kunakuharibia siku nzima, pima mara moja kwa wiki, basi.

Mwendo nao unabadilika kazi. Wakati wa kupungua chakula kilifanya sehemu kubwa na mazoezi yalisaidia. Wakati wa kudumisha mazoezi yanapanda daraja. Wing na James Hill wamekuwa wakiwafuatilia tangu 1994 watu waliopungua kilo zisizopungua 13.6 na kukaa hivyo mwaka au zaidi, na wengi wao hutembea au kufanya mazoezi yanayokaribia saa moja kwa siku. Saa nzima inatisha. Igawe: shuka kituo kimoja kabla, panda ngazi, tembea na jirani baada ya magharibi. Ongeza siku mbili kwa wiki za kazi ya nguvu, pushapu za ukutani au madumu ya maji, ili misuli iliyopotea irudi. Miongoni mwa watu hao, waliofaulu kukaa miaka miwili na kuendelea walionekana kupata wepesi; hatari ya kurudisha kilo ilipungua. Miaka miwili ya kwanza ndiyo migumu.

Kama unatumia dawa

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, na mwenye dawa za presha, asingoje tarehe ya kliniki. Kipimo cha dawa kilichokufaa ukiwa na kilo 95 kinaweza kukushushia sukari au presha kupita kiasi ukiwa na 80: kutetemeka, jasho la ghafla, kizunguzungu unaposimama. Mweleze daktari kwamba umepungua na kwamba sasa unabadilisha chakula tena. Usipunguze wala kuacha dawa mwenyewe.

Wanaofikiria kutumia sindano za kupunguza uzito za semaglutidi, ambazo sasa zinauzwa hata katika miji yetu, waulize swali la kuacha kabla ya kununua sindano ya kwanza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, walioacha sindano hizo pamoja na ule ushauri wa chakula na mazoezi walirudisha takriban theluthi mbili ya kilo walizopoteza ndani ya mwaka mmoja. Kama mfuko unaruhusu miezi mitano tu, zungumza na daktari namna ya kushuka na sahani gani itapokea njaa itakayorudi.

Ukifika kwenye nyekundu

Utafika siku moja; msiba, mtihani, mguu ulioteguka. Usiruke milo kulipa deni la wikiendi. Rudi kwenye sahani uliyotumia wakati wa kupungua, ile unayoijua, kwa wiki mbili, na urudishe matembezi kama yalikatika. Maji hutoka siku za kwanza, mafuta baadaye. Ukirejea kwenye kijani, ongeza chakula tena kwa vipande vile vile. Zikipita wiki sita na bado uko juu, pengine uzito wa nyumbani umehama: hesabu upya nafasi yako kwa namba mpya, na kagua kama kuna dawa mpya, sindano ya uzazi wa mpango au usingizi uliopungua.

Na ukitaka kushuka zaidi, kwa sababu ya goti au sukari au kwa kutaka tu, kaa kwanza kwenye kijani kwa muda usiopungua ule uliotumia kujinyima. Aliyejibana miezi minne adumishe minne. Kisha achague mwezi mtulivu, aweke kilo tatu au nne tu mbele yake, na apange tangu siku ya kwanza atasimama wiki ipi.